Ushuru na bei ya amplifaya: ununue sasa au usubiri?

Ndugu, umeuliza kama ukimbilie kununua amplifaya na spika kabla ushuru wa Marekani haujapandisha bei. Kumbuka ushuru hutozwa kwenye thamani ya mzigo forodhani, si kwenye bei ya dukani. Kifaa kikiingizwa kwa dola 200 na kuuzwa 500, ushuru wa asilimia 25 ni dola 50. Shida ni muuzaji anayepiga faida yake kwa asilimia juu ya gharama mpya, yaani ushuru ukiwa ndani. Hapo utalipa zaidi ya hiyo 50.

Spika zinazounganishwa humohumo Marekani nazo haziponi, maana mara nyingi sumaku na koili zake hutoka China.

Mimi ningetafuta mtumba uliokwisha kuingia Marekani. Kagua tu kapasita (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya amplifaya) kama zimevimba, na mpira wa ukingo wa spika kama umepasuka.