Mafahali wa Khayega Hawana Kiingilio

Kila mwaka kuna vijana wawili watatu wa kwetu Musoma wanaonipigia simu kabla hawajavuka Sirari kwenda kusoma magharibi mwa Kenya. Wanauliza ada, wanauliza hosteli, wanauliza bei ya dagaa (huko utawasikia wakiitwa omena, ila ni wale wale wa ziwa letu). Hakuna anayeuliza Jumamosi atakwenda wapi. Mimi mwenyewe sikuuliza, na muhula wangu wa kwanza chuoni Maseno, karibu na Kisumu, niliumaliza nikijua njia tatu tu: ya chumbani, ya darasani na ya kwa mama wa chapati.

Nilijiambia ni kwa sababu sina hela. Kumbe nilikuwa sina mwenyeji.

Mwenyeji nilimpata kwa bahati. Jamaa niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, Mluhya wa Isukha, alinibeba Ijumaa moja hadi kwao tukalala, kwa kuwa mapigano ya mafahali huanza kukiwa bado na umande na ukitokea Maseno asubuhi hiyohiyo utakuta yamekwisha. Njia ni rahisi: Luanda, Majengo, Chavakali, halafu unashuka Khayega, kabla hujafika Kakamega mjini.

Utaisikia ngoma kabla hujamwona ng'ombe. Isukuti, ngoma ya jadi ya huko Isukha, hupigwa kwa seti ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na kila fahali huletwa uwanjani na kijiji chake kikikimbia pembeni na matawi mkononi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka Isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Siku ya kwanza niliona kama utani, kwa jinsi vumbi lilivyokuwa likitimka. Nilipozoea ndipo nikaanza kuwatazama wapigaji usoni, wengi wao wenye mvi.

Sasa nisikilizeni vizuri wadogo zangu. Pale hakuna uzio. Uzio ni watu. Mafahali wanasukumana kwa pembe mpaka mmoja akubali yaishe, na akishakubali anageuka na kutoka mbio, wala haulizi apite wapi. Mara ya kwanza alipita kwangu. Nilirudi na kandambili moja. Kwa hiyo vaa viatu vya kufunga, na usisimame walipojazana vijana wenye simu. Angalia wazee wamesimama wapi, ukasimame hapo. Kamari zinazochezwa pembeni ziache kabisa, la sivyo cha bure kitakugharimu ada ya muhula.

Kuna watakaokwambia ni ukatili, na siwezi kuwabishia sana. Nimeona ng'ombe akitoka damu nikageuza uso. Nenda uone mwenyewe, ukikuta hupendi utakuwa umesikia ngoma.

Niliporudi mara ya pili sikubaki mtazamaji. Nilimwamkia mzee mmoja mwenye fahali, "Shikamoo," nikimwinamia kidogo kama tulivyolelewa. Huko salamu hiyo haitumiki sana. Mzee alicheka, akaniuliza natoka wapi, akanikabidhi tawi. Asubuhi ile niliingia uwanjani nikikimbia na msafara wake, na tangu hapo jina langu Khayega ni Tanzania. Hii ndiyo tofauti kati ya kwenda mahali kumi mara moja moja na kwenda mahali pamoja mara kumi. Mimi nimejaribu yote mawili. Zile safari nyingine nimebaki na picha tu.

Kiswahili chetu nacho ni mtaji, usikionee haya. Watakutania kwamba unaongea kama redio, kisha Jumapili watakuomba usome matangazo kanisani. Nilianza na matangazo nikaishia kwaya, sauti ya tatu, na kwaya ikialikwa mahali hulishwa. Sijawahi kula kuku wengi kama mwaka ule.

Krismasi niliyokosa nauli ya kurudi nyumbani, kwaya hiyohiyo ilinipeleka Mbale, Vihiga, kwenye tamasha la utamaduni la Wamaragoli, ambalo hufanyika Desemba 26. Sikulipa kuingia. Kama chuo kimefungwa na umebaki peke yako hosteli, tarehe hiyo usiipoteze kulala.

Bungoma ni habari nyingine. Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na utawakuta barabarani wakiimba na kengele mikononi, ndugu na majirani wakiwafuata. Ni barabara ya umma, hakuna atakayekuzuia kutazama. Lakini ile ni shughuli ya familia. Nenda ukiwa umealikwa, simu ibaki mfukoni, na ukiambiwa hapa wageni wanaishia, ishia hapo.

Kisumu mjini mimi nilipenda mabishano. Kuna vikao vya Bunge la Wananchi, watu wamesimama kivulini wakichambua siasa tangu asubuhi mpaka njaa iwatawanye. Nilisimama nyuma nikiwa kimya, mpaka mmoja aliponiuliza kwetu wapi. Nilipotaja Mara, hoja ya bajeti ilisimama. "Kwa Misiani!" Mfalme wa benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, D.O. Misiani, alizaliwa upande wetu karibu na Shirati, akafariki ajalini Kisumu mwaka 2006. Mimi si Mjaluo na nyimbo zake sizielewi neno kwa neno, ila siku ile nilinunuliwa soda kwa ajili yake. Ubishi wa bunge nenda kausikilize. Maandamano na mikutano ya wagombea kaa nayo mbali, wewe una kibali cha kusoma tu.

Jambo la mwisho ni nauli ya kurudi, itenge kabla hujaondoka. Mvua ikishuka jioni matatu hupandisha bei bila haya. Mimi iliniponyoka Majengo, saa mbili usiku, mfukoni nina noti moja ya elfu kumi, ya Tanzania. Makanga aliigeuzageuza, akaisifia, akanirudishia. "Hii ni nzuri sana, buda, lakini si pesa." Nilimpigia yule jamaa wa chumbani akanitumia, na mpaka leo kila tukikutana ananisalimu kwa sentensi hiyo.

Mzee wa Khayega bado hunitumia ujumbe wa sauti fahali wake akipigana. Jina la fahali silitaji, kwa sababu Jumamosi iliyopita alikimbia tena.