Wiki ya Kiswahili ina siku mbili za "tano"

Kuhusu swali la kwa nini Jumatano ina "tano" na Alhamisi nayo maana yake ni "ya tano": hapo kuna hesabu mbili tofauti.

Kiswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika kwa sala. Kwa hiyo Jumamosi ni siku ya kwanza ("mosi" ni moja, kama katika Mei Mosi), kisha pili, tatu, nne, tano. Alhamisi imetoka Kiarabu, na Waarabu huanza na Jumapili, ambayo wao huiita al-ahad. Kutoka hapo ukihesabu, Alhamisi ndiyo ya tano. Tungeendelea na hesabu yetu tungepata "Jumasita", neno ambalo halipo.

Wanaojifunza lugha hukosea hapa: kalenda nyingi huweka Jumatatu mwanzo wa wiki, basi wanaifanya Jumatano kuwa siku ya tatu na kuchanganyikiwa. Anza na Jumamosi, hutapotea.

Mtego mwingine: kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapozama. Ukialikwa "usiku wa Ijumaa", huenda ni Alhamisi jioni. Uliza kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa.