Kuunga mkia na bodi ya ndege: ipime kwa ndege yenyewe

Kwa miaka minne nimekuwa nikiunda ndege ndogo ya viti viwili katika banda la mabati nyuma ya nyumba yetu hapa Kigoma, na katika kazi zote nilizokwisha kuzifanya, hakuna iliyonigharimu kama kuunga mkia na bodi. Ninamwandikia mtu ambaye tayari ana vipande hivyo viwili vya alumini na ana hamu kubwa ya kuviona vimekuwa kitu kimoja, kwa kuwa hamu hiyo ndiyo iliyonifanya niharibu bati zima.

Mara ya kwanza nilipima urefu wa kila upande kutoka sakafuni, nikaridhika, nikaanza kutoboa adhuhuri nikitokea kushoto kuzunguka kwenda kulia. Nilipofika robo ya mwisho, bati lilikuwa limesukumwa kidogo kidogo na kila tundu hadi likafura kama chapati juu ya kikaango. Bawa dogo la mkia nalo lilikuwa limelala: ncha ya kulia ilikuwa chini ya ile ya kushoto kwa milimita 14.

Sakafu yangu, kama sakafu nyingi za saruji, ilijengwa na mteremko wa kutoa maji, kwa hiyo haikustahili kuwa kipimo cha kitu chochote. Jua nalo lilichangia. Alumini yenye urefu wa mita 1 hurefuka kwa takribani milimita 0.23 joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, na chini ya paa la bati mgongo wa ndege hupata moto huku tumbo likiwa bado kivulini, hivyo bodi nzima hujipinda bila jicho kuona.

Mara ya pili nilianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla paa halijapata joto. Niliweka pimamaji juu ya longeroni, yaani zile nguzo ndefu zinazopita katika pembe za bodi, kwanza mbele, kisha nyuma, nikatia kabari hadi sehemu zote mbili zikasoma sawasawa. Niliangusha timazi kutoka katikati ya ukuta wa injini, ule unaotenganisha injini na chumba cha rubani, na kutoka ncha ya mkia, nikavuta uzi wa nyavu nilionunua Kibirizi kati ya alama hizo mbili, na kila fremu ikalazimika kukaa juu ya uzi huo. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mwisho: futi kutoka katikati ya ukuta wa injini hadi kila ncha ya bawa la mkia. Urefu wa kushoto na wa kulia ukilingana, mkia haujapinda kwenda upande, hata kama sakafu imepinda vipi.

Hapo ndipo unapotoboa, tundu moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia, na katika kila moja unaingiza kleko, kile kibanio cha springi kinachoshika mabati kwa muda, kabla ya kugawa nafasi zilizobaki nusu kwa nusu. Rudia vipimo baada ya kila matundu manne. Ribiti, yaani kijiti cha chuma kinachopigwa ili kushikanisha mabati, ikiwa na kipenyo cha milimita 3.2 inahitaji kitovu cha tundu lake kiwe angalau milimita 6.4 kutoka ukingo wa bati. Tundu lililo karibu zaidi ya hapo litachanika siku moja. Kisha fungua kila kitu, ondoa makali ya matundu, paka praima sehemu zinazolaliana, ndipo urudishe.

Kupiga ribiti kunahitaji watu wawili. Mpwa wangu, ambaye ni mwembamba, aliingia ndani ya mkia akalala juu ya ubao uliokaa juu ya fremu, ameziba masikio, ameshika chuma cha kukingia mkia wa ribiti ninapoipiga kwa nje. Tulikubaliana agonge mara moja akiwa tayari na mara mbili nikitakiwa kuacha. Sauti yake, "Mjomba, hii imelala," iliniokoa zaidi ya mara moja. Kichwa cha ndani, kinachofanyika mkia wa ribiti unapobanwa na chuma hicho, kikiwa kizuri kina upana wa milimita 4.8 na unene wa 1.6. Hapa Kigoma kazi ya kuunga vyuma kwa ribiti si ngeni: meli tunayoiita Liemba ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Ribiti za meli za wakati ule zilipigwa zikiwa nyekundu kwa moto. Zetu hupigwa baridi, na ukizidisha nyundo huwa ngumu na kupasuka.

Kabla hujaziba, pitisha kamba ya akiba kutoka mbele hadi mkiani, maana siku moja utataka kuvuta waya. Na msaidizi asitoke ndani kabla hujaweka stendi imara chini ya mkia: ndege isiyo na injini, ikishaungwa, huwa nzito nyuma, nayo hukaa chini ghafla.