Kwako unayeanza kuwasaidia watoto wa mitaani: anza na siku moja unayoweza kuitunza

Jumamosi yangu ya kwanza Mwaloni Kirumba, soko la samaki pale Mwanza, nilifika na mikate na viroba viwili vya nguo za mitumba. Watoto walinizunguka, mikate ikaisha kabla sijamaliza kusalimia. Mmoja, mdogo kuliko wenzake, alikuwa amebeba ndoo ya dagaa aliowaokota chini. Hakuniomba kitu. Aliniuliza tu, "Dada, utakuja lini tena?" Nikamjibu, Jumamosi ijayo.

Jumamosi hiyo nilikuwa kwenye kikao cha harusi. Niliporudi wiki iliyofuata alinitazama kwa mbali, akaendelea na kuokota. Ilichukua miezi mpaka akakubali kukaa tena karibu nami. Nimewahi kupoteza fedha katika kazi hii, na nimewahi kudanganywa na watu wazima, lakini hakuna linaloniuma kama ile Jumamosi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujachangisha hata shilingi, chagua siku moja unayoweza kuitunza mwaka mzima. Ukiumwa, mtume mtu akawaambie. Usimwahidi mtoto shule wala baiskeli. Usimwambie hata "nitaona", maana mtoto akisikia "nitaona" moyoni ameshaandika ndiyo.

Njoo na daftari, simu iache mfukoni. Andika jina analojiita, kijiji alikotoka, darasa alilofikia, nani anampikia anapokuwa nyumbani. Picha usipige. Ninamfahamu kijana ambaye sasa ni fundi wa kuchomelea, ana wateja wake, ila picha yake akiwa amelala juu ya sandarusi bado inazunguka kwenye simu za watu. Aliyeipiga alikuwa na nia njema kabisa.

Lile daftari litakuonyesha jambo ambalo wengi hatulitegemei: wengi wa watoto hawa wana kwao. Kuna mama, kuna bibi, kuna mjomba. Basi fika huko, na usifike peke yako. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, na afisa ustawi wa jamii wa eneo lako ajue unachofanya.

Yule mtoto wa ndoo alikuwa na bibi, anauza nyanya kwa mafungu barazani pake. Alikuwa ameandikishwa darasa la tatu, na mimi, kama watu wengi, nilijiuliza kwa nini asisome wakati shule za msingi za serikali hazitozi ada. Nilikaa na bibi mchana mzima ndipo nikaelewa. Shuleni walikuwa wanapika makande, na kila mzazi alitakiwa kupeleka mahindi na maharage. Bibi hakuwa nayo. Wenzake wakipanga foleni na sahani, mjukuu wake alikuwa anajificha nyuma ya darasa. Baada ya wiki chache akagundua kwamba akiondoka mapema akaenda mwaloni, atapata dagaa, atapata na shilingi mia mbili tatu, na hakuna atakayemtazama akiwa na njaa. Mtoto hakuikimbia shule, aliikimbia ile saa ya chakula.

Nikasema nitapeleka mahindi shuleni kesho yake. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ukipeleka wewe, watasema mimi nimeshindwa kumlea." Tukakubaliana: mahindi yanafika kwake usiku, yeye anayabeba asubuhi kwenda shuleni kwa mkono wake, na jina linaloandikwa ni lake. Debe la mahindi na kilo chache za maharage. Hayo ndiyo yaliyomrudisha darasani, wala si nguo zangu za mitumba.

Siku hizi nikisikia mtoto ameacha shule, swali langu la kwanza ni saa ngapi anaondoka. Uliza hivyo nawe. Anayeondoka mchana na asiyefika kabisa asubuhi wana shida mbili tofauti.

Yapo mengine ambayo sitayarefusha, ila uyashike kwa nguvu. Usimchukue mtoto ukamlaza kwako, hata usiku wa mvua. Usijifungie naye chumbani, hata kumfundisha hesabu. Kaeni barazani watu wakiwaona. Akikueleza kwamba anapigwa au anaingiliwa, usimhoji mara tatu, na usiende kugombana na mtuhumiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na umwambie mtoto ukweli kwamba utalisema. Usimwahidi siri ambayo huruhusiwi kuitunza.

Utachoka. Kuna watoto utawarudisha nyumbani mara nne na mara ya tano utawakuta mwaloni. Wasalimie kwa majina, kaa nao, usiwasute. Mmoja wao alirudi kwao mara ya sita, akabaki.

Jumamosi hii njoo na kalamu na daftari. Tunakutana kwa mama lishe aliye karibu na geti saa tatu asubuhi. Fika mapema kidogo, maana watoto huwa wameshafika tangu saa mbili.