Injini Ikitetemeka Ukikanyaga Breki, Usianze na Kabureta

Mwanagenzi akiletewa lori dogo la petroli la zamani, dereva akisema "nikikanyaga breki linataka kuzima", anaanza na plagi. Zinafuata waya za plagi. Kisha kabureta inashushwa, inaoshwa, inarudishwa. Asubuhi yote imekwisha, na hakuna aliyekanyaga pedeli ya breki gari likiwa limesimama akasikiliza. Wadogo zangu, hili limezidi sasa. Mikono mnayo, na masikio yenu bado mazima. Tatizo ni mahali mnapoanzia.

1. Tofautisha gari linalotetemeka na injini inayotetemeka. Usukani ukicheza na pedeli ikidunda chini ya mguu huku injini inanguruma sawasawa, kagua diski na dramu. Injini yenyewe ikimis (ikisita kwa kutochoma petroli sawasawa), weka kabari kwenye magurudumu, vuta handbreki, gia iwe huru, na uache injini ipate moto mpaka choki ifunguke kabisa. Kanyaga breki ushikilie sekunde 10. Mlio ukibadilika, tafuta kwenye vakyumu (mfyonzo wa injini) au kwenye umeme. Usipobadilika, nenda namba 5.

2. Kanyaga kidogo sana, taa za breki ziwake tu, busta (chombo kinachotumia vakyumu kuongezea mguu nguvu) isianze kazi. Injini ikisita hapo hapo, chomoa fyuzi ya taa za breki urudie. Ikitulia, fuata waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi) wa taa za nyuma na ule wa injini. Taa zikiwa zimewaka, upotevu wa volti kwenye athi usizidi 0.2.

3. Sasa busta, na hapa ndipo wengi wenu mngemaliza kazi mapema. Pedeli ikiwa imeachwa, pande zote mbili za diaframu, ule utando wa mpira ndani ya busta, zina vakyumu. Ukikanyaga, valvu ya ndani inafunga njia ya vakyumu na kuingiza hewa ya nje upande wa nyuma. Diaframu ikiwa imepasuka, hewa hiyo inapita mbele, inaingia kwenye hosi, inafika manifoldi (njia ya kuingilia hewa kwenye injini) bila kupitia kabureta. Mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, injini inamis. Ukiachia pedeli, yote yanatulia. Ndiyo maana hamlioni kosa mkiwa mmeinama chini ya boneti: bila mguu kwenye pedeli, tundu halivuji. Hosi iliyopasuka huvuja muda wote, na dalili yake haingoji breki.

Vipimo ni vitatu. Zima injini, kanyaga mara tano, shikilia pedeli, washa: lazima ishuke kidogo. Kisha shikilia pedeli injini ikiwa inafanya kazi, zima, hesabu sekunde 30: isipande. Mwisho, chomoa hosi ya busta kwenye manifoldi na uzibe tundu la manifoldi barabara. Injini ikiacha kusita unapokanyaga, kosa liko upande wa busta. Usiliendeshe gari hivyo. Pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Msibane hosi kwa plaizi, mpira wa zamani hupasuka.

Ukiwa na geji ya vakyumu, injini nzima yenye moto husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki usawa wa bahari, ikipungua takriban inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Ukikanyaga, mshale hushuka kidogo na kurudi. Ukibaki chini mpaka uachie, umeshapata jibu. Sikiliza pia chini ya dashibodi: pumzi fupi ni kawaida, mfyonzo usiokoma si kawaida.

4. Kosa linalouma zaidi ni kupandisha silensa, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa haujakanyaga mafuta. Gari linazima kwenye breki, kijana anazungusha skurubu ya silensa, halizimi tena, linatolewa. Tazameni kilichotokea. Diaframu bado imepasuka, na mpasuko unaendelea kukua. Lori lenye gia otomatiki sasa linasukuma mbele kwenye taa nyekundu, dereva anakanyaga zaidi, breki zinapata moto. Kijana akiongeza na skurubu ya mchanganyiko ili injini itulie mguu ukiwa kwenye breki, basi mguu ukitoka petroli inazidi: plagi zinakuwa nyeusi, ulaji unapanda. Gari linarudi na ugonjwa wa pili tuliouweka sisi wenyewe, na anayefuata kulishika anaanza tena na plagi. Siku diaframu inapoachia kabisa, msaada wa busta unatoweka dereva akiwa njiani na mzigo. Huo si uzembe mdogo. Skurubu ya silensa haiguswi mpaka busta, hosi na valvu ya njia moja vipimwe. Ukikuta mtu ameshaichezea, irudishe kwenye kipimo cha mtengenezaji kabla hujahukumu chochote.

5. Kama injini inasita gari likiwa mwendoni tu, kuna sababu nne. Petroli imejaa mno kwenye bakuli la kabureta na inamwagika kooni breki ikifungwa ghafla: pima boya. Tangi lina petroli kidogo, inakimbilia mbele na mdomo wa kunyonya unavuta hewa. Mauntini (mipira inayoshikilia injini) zimekatika, injini inasogea mbele na kuvuta waya au hosi. Na kwa otomatiki zenye klachi ndani ya toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi), swichi ya breki isipoiachia, injini inazimika kama gari la gia za mkono lililosimamishwa bila kukanyaga klachi.

6. Kabla ya kufunga busta mpya, angalia nyuma ya masta silinda (pampu kuu ya breki). Mafuta ya breki yakipungua bila kuonekana yanapovujia, na bomba la moshi linatoa moshi mweupe, sili ya nyuma imekufa na busta inayanyonya. Ukibadilisha busta peke yake, unailowesha mpya kwa mafuta yale yale. Pima pia urefu wa fito ya kusukuma: ikizidi, masta silinda hairudi mpaka mwisho na breki zinashika zenyewe barabarani, ikipungua, pedeli inashuka sana kabla ya kushika.

Hayo yote ni ya petroli yenye busta ya vakyumu. Dizeli nyingi za zamani hutumia pampu ya vakyumu, na malori makubwa ya breki za upepo yana utaratibu wake.