Vidole vina ganzi, karatasi ya vidonge haifunguki

SWALI: Mama anameza capecitabine kwa saratani ya utumbo mpana. Viganja vimekuwa vyekundu, vidole vina ganzi, na hawezi kubonyeza vidonge vitoke kwenye karatasi yake. Nimevitoa vyote nikavitia kwenye chupa moja na dawa zake nyingine. Mtandaoni kuna anayeshauri nivisage nimpe na maji ya matunda. Ni sawa?

JIBU: Usisage. Na hiyo chupa usimpe tena. Ipeleke kwa mfamasia wenu avitenganishe na akwambie vipi bado vinafaa.

Kabla ya habari za kufungua, mwambieni daktari kuhusu hivyo viganja leo, msingoje kliniki ijayo. Ni madhara yanayojulikana ya dawa hii, na huenda akapunguza dozi au akaisimamisha kwa muda. Wengi huhangaika na karatasi huku mkono wenyewe ndio unaosema kitu.

Kufungua kwenyewe si kazi kubwa. Wewe au mwangalizi mwingine vaa glavu, toa vidonge vya dozi hiyo tu, viweke kwenye kikombe kidogo, naye ameze ndani ya nusu saa baada ya kula. Akiwa peke yake, kuna vifaa vidogo vya kusukumia vidonge, mfamasia atakuelekeza. Kwa dawa za chupa, omba kifuniko chepesi badala ya kile cha kubonyeza huku ukizungusha, ila kama watoto hufika hapo nyumbani, chupa ikae ndani ya kabati lenye kufuli. Karatasi usiikate kidonge kimoja kimoja: wapo waliomeza kidonge pamoja na ganda lake, kingo zikawatoboa utumbo.

Linalonichosha ni ile imani kwamba kifungashio ni urembo, dawa ni dawa hata ukiiweka kopo la chai. Capecitabine ina vidonge vya miligramu 150 na vya miligramu 500, mara nyingi rangi zake zinakaribiana, na dozi moja yaweza kuhitaji vya aina zote mbili. Aghalabu humezwa wiki mbili, wiki moja mapumziko. Vishimo vilivyobaki wazi kwenye karatasi vinakuonyesha amemeza hadi wapi. Chupa ya mchanganyiko haikuonyeshi chochote.

Huyo wa kusaga sijui anamtibu nani. Unga wa dawa hizi huruka, humgusa na kumwingia anayesaga, na akiwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi. Asiyeweza kumeza hutafutiwa njia nyingine na timu inayomtibu, si kinu.

Walio na methotrexate (dawa ya baridi yabisi na baadhi ya magonjwa mengine) ya kumeza mara moja kwa wiki wasikie hili pia. Ikishachanganywa na vidonge vya kila siku, mtu huimeza kila siku, na hivyo ndivyo watu wamekufa. Ibaki kwenye kifungashio chake, na siku ya kuimeza iandikwe juu yake kwa herufi kubwa.