Biashara ikigoma, kazi ikikwama: maswali yenu na majibu yangu

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza jambo moja: mtu akishaanguka, ainuke na kuendelea palepale, au ageuze njia? Nimechagua tano.

Nimefungua biashara mara mbili, zote zimekufa. Wenzangu wananiambia nitafute ajira nitulie. Nijaribu ya tatu?

Kwanza nataka ujue kila moja ilikufa kwa ugonjwa gani. Kuna biashara inayokufa kwa kukosa wateja, na kuna inayokufa ikiwa na wateja tele kwa sababu fedha haziingii kwa wakati.

Yangu ya kwanza ilikwenda na ugonjwa huo wa pili. Nilikuwa nachapisha vitabu vya risiti, kadi na kalenda, na mashine ilikuwa haipoi. Muuza karatasi alitaka fedha taslimu, ilhali wateja wangu wakubwa walilipa baada ya siku 60, wengine 90. Siku niliposhindwa kununua wino, nilikaa chini nikafungua daftari la madeni. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu: jina la mteja, kiasi anachodaiwa, tarehe aliyolipa. Safu mbili za kwanza zilijaa mpaka chini. Ya tatu ilikuwa na mistari minne tu. Kwa hesabu za daftarini nilikuwa na faida nzuri, mfukoni sina kitu. Miezi yote ile nilidhani nina mkosi, kumbe nilikuwa nawakopesha watu mtaji wangu mwenyewe bila riba. Nilipoanza tena niliweka sharti moja: nusu ya malipo kabla sijawasha mashine. Wapo walioondoka kwa hasira. Waliobaki ndio walioniendesha.

Kwa hiyo fungua madaftari yako ya zamani. Ukiona kilichoziua zote mbili ni kitu kilekile, na unajua namna ya kukizuia, anza ya tatu, ila ianze ndogo. Kama bado hujui kilichoziua, chukua ajira kwa sasa, wala usione haya. Mshahara utakupa nafasi ya kufikiri bila njaa, na mitaji mingi imetoka kwenye mishahara.

Kila mtu husema usikate tamaa. Nitajuaje kama navumilia, au nang'ang'ania maiti?

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanunuzi wa tiketi za msimu mzima wa maigizo. Baadhi waliuziwa kwa bei kamili, wengine wakapunguziwa bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi. Fedha za wote zilikuwa zimeshatoka na hazirudi. Kilichowavuta hawa wa bei kamili ni uchungu wa walichotoa. Nasi hubaki kwenye biashara iliyokwisha kwa uchungu huohuo.

Wengi hunitajia James Dyson, Mwingereza aliyetengeneza mifano 5,127 ya kifyonza vumbi kisicho na mfuko, kwa takriban miaka mitano, kabla hajaridhika. Ni kweli. Lakini alikuwa akibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuangalia matokeo, kwa hiyo kila mfano ulioshindwa ulimfundisha jambo. Tena, mshahara wa mke wake, aliyekuwa mwalimu wa sanaa, ulisaidia kuiendesha nyumba. Inaniuma hadithi hii inaposimuliwa bila mama yule, maana wapo wanaoiga ukaidi wa Dyson wakati nyumbani hakuna wa kushika upande wa pili.

Kipimo changu ni hiki. Andika leo, ukiwa umetulia, mambo matatu: tarehe ya mwisho, kiasi cha fedha usichokubali kukivuka, na dalili moja ya kuhesabika, kwa mfano wateja wangapi wamerudi kununua mara ya pili. Karatasi hiyo mpe mtu asiyeogopa kukuambia ukweli. Nyumba mnayolala na ada za watoto zisiguswe kabisa. Tarehe ikifika na dalili haijaonekana, funga. Kama inaonekana, hata kwa udogo, unavumilia kitu kilicho hai.

Nina miaka 43, ni mhasibu. Natamani kuhamia uchambuzi wa data. Nimechelewa?

Hapana. Vera Wang, mbunifu maarufu wa mavazi wa Marekani, alikuwa na miaka 40 alipoingia kwenye ubunifu wa magauni ya harusi, baada ya miaka mingi ya kuwa mhariri wa mitindo, na jicho alilolinoa kwenye uhariri alihama nalo. Wewe pia hutaanza na mikono mitupu: mtu aliyezoea kukesha akitafuta kosa moja kwenye hesabu za mwaka ana subira ambayo kozi haiuzi.

Usiache kazi kwanza. Tafuta mtu mmoja mwenye takwimu zilizovurugika, umfanyie kazi hiyo jioni kwa miezi mitatu, uone kama hamu inabaki. Ujiandae pia kuelekezwa na kijana wa miaka 25. Nimeona watu wazima wengi wakirudi nyuma kwa sababu hiyo tu, na masomo wanayaweza vizuri.

Nimetuma maombi 60 ya kazi, sijaitwa hata usaili mmoja.

Acha kutuma kwa wiki mbili. Asiyeitwa kabisa ana tatizo kwenye wasifu wake, au anaomba kazi zisizomfaa. Usaili haujafikiwa bado. Mpe wasifu wako mtu anayeajiri watu, umwombe akuonyeshe mstari alipofika akachoka kusoma. Anzia hapo.

Ndugu walinichangia mtaji, wote umepotea. Dada yangu mkubwa akipiga simu naiangalia tu mpaka ikatike.

Najua hilo. Simu inaita mezani, jina linawaka, unaigeuza kifudifudi. Nami niliwahi kufanya hivyo kwa wiki nzima, na nilichokuja kuambiwa ni kwamba kimya changu kiliwaumiza kuliko hasara. Walidhani nimewaficha fedha, au ninaumwa.

Mpigie wewe, leo, kabla hajapiga tena. Usianze na visingizio vya soko. Mwambie, "Dada, biashara imefungwa, fedha yako imepotea, na nilikuwa naona aibu kukuambia." Mtajie kiasi kamili, maana anakijua. Akigomba, sikiliza mpaka amalize. Kama bado huna uwezo wa kulipa, mwambie hivyo, umtajie siku utakayompigia tena kumweleza ulipofika, na siku hiyo ikifika, piga hata kama huna jipya.